Embe Hujiotea, Asumini Hubebwa

Mgeni anayeingia Tabora hupokewa na miembe. Imesimama kandokando ya barabara, nyuma ya maduka, katika viwanja vya shule, na ukishatoka mjini unaikuta porini bila mtu wa kukuambia nani aliipanda. Mimi ni wa Unguja, embe kwetu si ajabu. Lakini mwembe mkongwe uliosimama mamia ya kilomita kutoka baharini una habari yake, na habari hiyo kila utakayemuuliza Tabora atakupa: wapagazi na watu wa misafara walikula embe wakatupa kokwa, kokwa zikaota, na ndiyo maana njia ya zamani ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji unaweza kuifuata kwa kutazama miembe.

Nilifika Desemba, embe zimeiva. Wanawake walikuwa wameketi pembeni mwa barabara na mafungu mbele yao, embe upande mmoja, uyoga wa porini upande mwingine, mkubwa, shina bado lina udongo. Uyoga huo hutoka miomboni mvua za kwanza zikishakolea, na watu wa Tabora huungoja mwaka mzima. Asali ilikuwapo pia, ndani ya chupa za maji na madumu, nyeusi kuliko asali yoyote niliyozoea. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya embe, uyoga wala asali. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alinihadithia miaka mingi iliyopita kwamba mama yake, huko Ntalikwa, ana mwasumini wenye umri mkubwa kuliko yeye rafiki yangu mwenyewe. Asumini, Unyamwezini! Nilisema iko siku nitakwenda niuone.

Kwanza nilipita Kwihara, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurejea pwani, mwenzake akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Nyumba ina kuta nene na paa la udongo lililolala bapa, na ukitoka juani ukaingia ndani unapata ubaridi wa nyumba za Mji Mkongwe. Watu wengi huja hapo kwa sababu ya Wazungu wale wawili. Mimi niliwaza zaidi habari za maji. Nyumba ya namna hii, mbali na pwani, katika nchi isiyopata mvua kuanzia Mei hadi Oktoba, maji yake yalitoka wapi, na nani aliyachota? Jibu la swali la pili linauma. Mkono uliobeba mtungi katika nyumba za matajiri wa misafara mara nyingi ulikuwa wa mwanamke aliyetolewa kwao kwa nguvu. Njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu Tanzania iliiingiza katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, UNESCO, mwaka 2006, na Kwihara ni kituo kimojawapo. Uzuri wowote tutakaouhadithia juu ya njia hii, na mimi leo nahadithia uzuri, ulipita pamoja na minyororo.

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, ila mtu asidhani atakuta mji. Ni mahindi, karanga, mpunga mabondeni, na mbele kidogo miti ya miombo imeanza tena. Mama wa rafiki yangu alinipokea uani. Nilijaribu salamu ya kwao niliyofundishwa njiani, "Mwangaluka!", akacheka kwa furaha akaniitikia. Kisha nikamwamkia kwa desturi yetu sote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Unguja? Bahari haijambo?"

Mwasumini wake haupo mbele ya nyumba, mahali ambapo sisi tungeuweka ili kila apitaye anuse. Upo pembeni mwa mlango wa jikoni. Nilimuuliza kwa nini.

"Maji yako jikoni," alinijibu.

Maneno hayo matatu yalinifundisha mambo mengi kuhusu kilimo cha maua bara. Unguja mvua hazikai mbali sana, vuli na masika zinapokezana, na kijiti cha asumini ukikichomeka pembeni mwa kisima utakuja kukikuta kimekuwa mti. Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake hudumu nusu mwaka. Juni na Julai usiku una baridi, mti unanyamaza, hautoi jani wala ua. Septemba jua linawaka na upepo unakausha kila kitu. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yameletwa Tabora kwa mabomba, ila Mama aliutunza mti wake miaka yote ile kwa maji yaliyokwishafanya kazi nyingine: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo. Ya sabuni nyingi hamwagi pale. Humwagia jioni, shinani, si majani, halafu hufunika udongo kwa maganda ya karanga ili unyevu usiondoke. Maganda ya karanga! Kwetu tungetumia makumbi ya nazi. Kila nchi na takataka zake, na mkulima mzuri unamjua kwa kuangalia anavyozitumia.

Habari ya mti wenyewe aliisimulia huku tukimenya karanga. Alilelewa na shangazi yake Tabora mjini, mtaa wa Gongoni, na jirani yao alikuwa mama mmoja wa Kimanyema aliyekuwa na mwasumini uani. Mama huyo aliletewa mche na ndugu zake wa Ujiji, kwa treni, ndani ya kopo la samli. Rafiki yangu alipokuwa bado hajazaliwa, na mama yake ni bibi harusi mbichi, jirani alimkatia vijiti akampa aende navyo kwa mumewe. Kimoja kikashika. Haukupita muda mrefu, ikaja Operesheni Vijiji. Serikali ilikuwa imeamuru mwaka 1973 kwamba hadi kufikia 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji. Familia yao nayo ikahama. Walibeba mahindi, vyungu, milango, na mabati machache waliyokuwa nayo. Yeye alibeba mwasumini wake kichwani, ndani ya debe lililotobolewa chini, na mkwe wake akamsema njia nzima kwamba anabeba kisicholiwa.

"Nikamwambia, mama, huu nikiuacha hautanifuata."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Mwasumini wa nyumbani, huu ambao wataalamu wa mimea wanauita Jasminum sambac, asili yake ni Asia ya Kusini, na hauna desturi ya kuzaa. Unachanua, unanukia, unapukutika, basi. Mwafu, ndugu yake wa porini, huzaa vitunda vyeusi, ndege wakavila na kwenda kuziangusha mbegu wanakotaka. Embe ndiyo kabisa, inatosha mtu ashibe na atupe. Lakini mwasumini wa nyumbani kila ulipo umepelekwa na mtu. Mtu alikata kijiti cha mti wa mwenzake, akakilinda na jua, akakipa maji kabla ya kujipa yeye. Kwa hiyo miti yote hii ni vipande vya mti mmoja baada ya mwingine, imepokezana mikono kutoka ng'ambo ya bahari hadi Unguja, kutoka pwani hadi huku.

Na ndiyo maana nikiipima safari ya misafara naona asumini ilikuwa na nafasi ndogo mno ndani yake. Wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, za vitambaa, shanga na waya, na kila kipimo kilihesabiwa. Kijiti kibichi hakikai miezi minne bila kukauka, na mche uliokwisha kushika mizizi unataka chungu, udongo na maji kila siku, katika njia ambayo binadamu wenyewe walikufa kwa kiu. Mwaka 1912 reli ilipofika Tabora, na miaka miwili baadaye ilipofika Kigoma, safari ya miezi ikawa ya siku. Hapo kopo la samli likawezekana. Wanahistoria husema reli ilileta kodi, wanajeshi na karanga za kuuza nje. Mimi naongeza mama wa Kimanyema aliyeketi behewani na mche magotini.

Jioni, kabla jua halijazama, Mama aliniita tukachume. Hili ndilo jambo nililotaka kuliona kwa macho, kama anajua. Anajua. Ua lililokwisha kufunguka haligusi, anachuma tumba. Na si kila tumba. Lile la kesho bado lina ukijani, jembamba, limebana. La leo limekuwa jeupe pe, limejaa, ncha yake imeanza kulegea. Analishika chini ya ua, anapinda kidogo kwa ukucha, linakatika bila kutikisa tawi. Maua ya jana yalikuwa yamelala chini ya mti, yamegeuka rangi na kuingia uzambarau. Yale hayana kazi tena, aliyafagilia shinani.

Alikuwa na sindano ndefu na uzi mweupe wa katani uliolowekwa. Alichoma kila tumba kwenye shingo yake, moja kulia, moja kushoto, zikapandana bila kuacha mwanya. Mikono yangu ilijua kazi ile tangu utotoni, tukatunga pamoja. Nikamweleza habari za kikuba cha kwetu: asumini, rehani, mkadi na kilua, vinafungwa pamoja, mwanamke anakibandika kifuani au kwenye nywele anapokwenda harusini, au usiku anapomngoja mumewe. Nikamwambia kwamba kwetu msichana asiyeolewa hakivai, na bibi yangu angemkuta binti ana asumini kichwani angemuuliza anakwenda wapi na anamnukia nani.

Mama alistaajabu. Nyuma yetu mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa amechomeka tumba tatu kwenye nywele zake fupi, anacheza rede na wenzake. Hakuna aliyemuuliza. Ntalikwa asumini ni harufu nzuri tu, ya mtoto na ya mtu mzima, ya sanduku la nguo na ya mtungi wa maji. Mti ulibebwa, miiko ikabaki pwani. Niliona wivu kwa ajili ya wasichana wa kwetu, nikaona pia huzuni kidogo kwa ajili ya bibi yangu, maana miiko ile ndiyo iliyofanya harufu moja ijae maana kiasi kile. Sina haja ya kuchagua. Yule mtoto alipendeza.

Mwiko wao huku ni mwingine: nyoka. Majirani walimwambia Mama tangu zamani kwamba asumini inaita nyoka nyumbani, na walikuwapo waliomtaka aukate. Kwetu nako maneno hayo yapo, pamoja na ya majini. Yeye hakubishana nao wala hakuukata. Aliona kwamba mti ukiachwa utambae chini, chini yake panakuwa na kivuli na unyevu, vyura wanahamia, panya nao, na nyoka hufuata chakula chake. Basi akaujengea kichanja cha fito, akaupandisha, akaondoa matawi yote ya chini hadi usawa wa goti. Anafagia pale kila asubuhi. Tangu hapo, alisema, hajaona nyoka na majirani wanakuja kuomba maua.

Utunzaji wake mwingine nauandika hapa kwa faida ya wenzangu. Agosti kuelekea Septemba anaukata mti bila huruma, maana ua la mwasumini hutoka kwenye chipukizi jipya, na mti usiokatwa unakuwa majani matupu. Akishakata anatia samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Mvua zikianza Novemba chipukizi zinakimbia, na kuanzia hapo hadi Machi anachuma karibu kila jioni. Februari, mvua zikiwa nyingi, adui ni maji yenyewe: majani yakigeuka manjano kwa pamoja, watu hudhani mti una kiu wakauzidishia, kumbe mizizi inaoza. Yeye huchimba kamfereji maji yatoke. Kiangazi adui ni utitiri, vijidudu vidogo vinavyosuka utando chini ya jani. Huu huuosha kwa maji tu, chini ya majani, asubuhi mfululizo hadi uondoke. Wadudu mafuta anawatilia maji ya tumbaku, jani moja limelowekwa usiku kucha na kuchujwa. Tabora ni nchi ya tumbaku, hilo halikosekani. Ila hufanya hivyo wakati mti hauna maua, na watoto hukatazwa kusogea, kwa sababu maji yale ni sumu kwa mtu pia.

Kuotesha ni hivi. Kijiti cha urefu wa shibiri, si kichanga sana wala si kikavu, kimekatwa chini ya fundo. Majani ya chini yanaondolewa, mawili ya juu yanabaki. Mafundo mawili yanaingia udongoni, mchanga nusu na udongo mweusi nusu, juu panafunikwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na kopo linawekwa kivulini. Wiki nne hadi sita kinashika. Mwaka wa pili ndio unapata maua ya kutosha kutunga.

Usiku tulikula ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga zilizopondwa. Karanga huku inafanya kazi ya nazi kwetu, inalainisha na kutia utamu, na nilipofumba macho ulimi wangu uliitambua kazi hiyo ingawa ladha ni nyingine. Baadaye tulitafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukachovya kwenye asali. Tumba zilikuwa kwenye sahani ya bati katikati ya mkeka. Tulipoanza kula zilikuwa zimefumba. Tulipomaliza zilikuwa zimefunguka zote, na harufu ikawa nzito kiasi cha kushinda moshi wa kuni.

Mama alitaka kujua kama watu wa nchi nyingine nao wanalo ua hili. Nilimweleza India, ambako wanawake husuka nywele kwa makoja yake na mahekalu hupambwa. Nilimweleza Ufilipino, walioteua asumini kuwa ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia waliofanya vivyo hivyo mwaka 1990. Habari iliyomfurahisha kupita zote ni ya Wachina: huchuma tumba mchana, jioni huzichanganya na majani ya chai, usiku kucha zikifunguka chai inanyonya harufu, asubuhi maua yanatolewa. Alinyamaza kidogo, akasema asali ya Tabora nayo ingefaa kujaribiwa. Naamini ameshajaribu.

Binti yake mdogo, anayekaa mjini, huja Ijumaa kuchukua maua. Anatunga makoja ya maharusi, anayapiga picha kwa simu, wateja wanaagiza. Aliniambia kazi ipo, ila mpinzani wake ni maua ya plastiki, ambayo hukodishwa harusi baada ya harusi na hayanyauki. Unguja tunalo tatizo hilohilo. Nimekaa katika kumbi za harusi zilizojaa maua ya plastiki kuanzia jukwaani hadi mlangoni, ukumbi mzima unanuka vumbi, na kila mara nasikia uchungu, kwa sababu harusi isiyonukia kwetu ilikuwa harusi ya mkiwa. Binti huyu ameweka bei yake juu kidogo na hapunguzi. Anawaambia wateja koja lake litafunguka shingoni mwa bibi harusi wakati wa chakula, waje waone. Wengine wanakuja kuona tu, wanaondoka wameagiza.

Nilipokuwa nafunga mizigo, Mama alinikatia vijiti vitano, akavifunga kwa kitambaa kilicholowa na mfuko wa nailoni. Mimi nina miasumini mitatu Unguja. Nilivipokea kwa mikono miwili. Naye akaniagiza kitu: asumini ile ya petali nyingi zilizobanana kama waridi dogo, ambayo aliiona zamani kwa jirani yule wa Gongoni na ikafa kiangazi kimoja. Nilimwambia ninao mti wake, nitamletea vijiti.

"Vijiti vitachoka njiani," alisema. "Lete mche uliokwisha kushika, kwenye kopo, na udongo wake wa huko. Mpe mtu wa treni atakayekaa nao dirishani, usiwekwe chini ya mizigo. Na usiniletee Septemba, nitauua. Ngoja mvua zikishanyesha mara mbili au tatu, ndipo utume."

Nimeshauotesha. Una majani sita.